Miaka mitano na miwani nyeusi, na bado jua likaniingia

Naishi Kimara, kazi yangu bodaboda, napeleka mizigo Kariakoo na mjini huu mwaka wa saba. Mtu anayeijua Morogoro Road ataelewa haraka ninachotaka kusema, maana asubuhi ukitoka Kimara kwenda mjini unaelekea mashariki, jua ndo linachomoza, linakupiga usoni kuanzia Ubungo mpaka Magomeni, alafu jioni ukirudi unaelekea magharibi na jua nalo limeshashuka huko huko, linakungoja tena. Yaani jua la asubuhi ni lako na la jioni ni lako. Kwahiyo miwani ya jua kwangu haikuwa urembo hata siku moja, ilikuwa kitendea kazi kama helmeti. Nilikuwa nainunua kwa machinga pale stendi, elfu tano, wakati mwingine elfu nne ukijua kuongea, nyeusi tii, nikivaa naona dunia imepoa, naondoka na amani yangu.

Mwaka jana mke wangu ananiangalia, Jumapili tumekaa nje, ananiambia baba Shani hebu geuka huku, jicho lako lina nini? Nikawasha kamera ya mbele ya simu nikalisogeza karibu. Jicho la kulia, upande wa puani, kuna kinyama kimeota juu ya weupe wa jicho, chekundu kwa mbali, kina vimishipa vyembamba kama nyuzi, umbo lake kama pembetatu na ncha yake imelekea kwenye mboni. Wekundu wenyewe nilikuwa nimeuona siku nyingi, ila nilidhani ni vumbi, au masalia ya yale macho mekundu yaliyotembea Dar nzima mwanzoni mwa 2024, na kila likiwasha nilikuwa napita duka la dawa nanunua matone yoyote nitakayopewa naweka. Hili la matone nitalirudia, maana nalo lilikuwa kosa kubwa.

Nikaenda kliniki ya macho. Dokta mwenyewe mama wa makamo, nikamwamkia, akaitikia, akaniweka kidevu kwenye ile mashine yao wanayokumulika nayo, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, alafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Baba, kazi yako ni ya juani?" Nikamwambia naendesha boda. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolijua tayari. Akasema hicho kitu kitaalamu kinaitwa pterijiamu, mtaani watu wanasema kinyama, kinaota kwa watu wanaokaa sana kwenye jua, upepo na vumbi, na kwenye nchi hizi zetu zilizo karibu na ikweta kipo kingi. Changu bado kidogo, hakijafika kwenye mboni, hakihitaji kukatwa. Akaniuliza, "Miwani ya jua unavaa?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa. "Navaa dokta, miaka mitano siachi."

"Unayo hapo?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Akaichukua, akaniambia nifuate chumba cha pili, kule wanakouza fremu na kupima lenzi. Kijana wa pale ana kimashine kidogo, kama redio ndogo hivi, kina tundu ambalo unapitisha kioo cha miwani, chini kuna taa ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na juu kuna kitu kinachopima ni kiasi gani cha miale kimepita. Akaweka miwani yangu. Ikasoma kwamba karibu theluthi ya miale inapita. Akarudia na kioo cha pili, vile vile. Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka kama jana, akachukua lenzi ya miwani ya kusomea, nyeupe kabisa, ile ambayo ukiivaa huoni tofauti ya mwanga hata kidogo, akaipitisha kwenye kile kimashine. Ikasoma sifuri.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Sifuri.

Yaani kioo cheupe kama maji kimeizuia yote, na kioo changu cheusi kama usiku kimeiruhusu. Nilikaa pale kwenye benchi nikawa nawaza miaka mitano yote, asubuhi na jioni, nimelibeba jua lote machoni huku najua nimejikinga. Hiki ndo kitu nataka kila mtu anayesoma hapa akishike, hata kama mengine yote atayasahau: weusi wa kioo na kinga ya UV ni vitu viwili tofauti, havihusiani. Rangi ya kioo inapunguza mwanga unaouona. UV huioni. Kuizuia kunategemea kioo kimetengenezwa kwa kitu gani na kimewekewa nini ndani yake.

Jua linatuletea vitu vingi kwa pamoja. Kuna mwanga tunaouona, kuna joto tunalolisikia kwenye ngozi, na kuna miale ya UV, kwa Kiswahili cha darasani urujuanimno, ambayo haionekani na wala husikii ikiingia. Urefu wa mawimbi yake unapimwa kwa nanomita, kipimo kidogo sana. Mwanga wa kuonekana unaanzia kama nanomita 400 kwenda juu, chini ya 400 ndo UV inapoanza. Ile mikali kuliko yote, UVC, ya kati ya 100 na 280, inaishia juu huko angani haitufikii. Inayotufikia ni UVB, 280 mpaka 315, na UVA, 315 mpaka 400, na hii UVA ndo nyingi zaidi. Ndo maana miwani nzuri inaandikwa UV400, maana yake inazuia kila kilicho chini ya hiyo 400. Sasa miwani nyeusi isiyo na hiyo kinga ni kama chandarua cha rangi nzito chenye matundu makubwa, ukikiangalia kwa mbali unaona umefunikwa vizuri, ila mbu wanapita tu.

Alafu kuna ubaya wa ziada. Mboni ya jicho ni kama mlango, mwanga ukiwa mkali inajibana na wewe mwenyewe unafinya macho, hiyo ni kinga tuliyozaliwa nayo. Ukivaa kioo cheusi, jicho linadhani jioni imeingia, mboni inafunguka, hufinyi tena, unatazama barabara kwenye jua la saa nane mchana umetulia. Kama kioo kinazuia UV hakuna shida yoyote, ndo raha yenyewe hiyo. Kama hakizuii, mlango umeufungua mwenyewe.

Nilimuuliza dokta swali ambalo lilikuwa linanisumbua, kwanini kinyama kimeota upande wa puani na sio upande wa sikioni, wakati pua ndo inayoweka kivuli? Akafurahi kuulizwa. Akasema ile sehemu ya mbele ya jicho, kile kioo chenyewe cha jicho, imebinuka kama lenzi. Mwanga unaotoka pembeni, upande wa sikio, ukiingia pale kwenye ukingo unapindwa na kukusanywa, alafu unaenda kutua upande wa pili, upande wa puani, ukiwa mkali kuliko ulivyoingia. Kama mtoto anavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia. Pale unapotua ndo kinyama kinapoota mara nyingi. Kwahiyo miwani yangu ilikuwa na kosa la pili, ilikuwa ndogo, bapa, imekaa mbali na uso, pembeni kumeachwa wazi na juu kumeachwa wazi, hata kama kioo chake kingekuwa kizuri bado mlango wa pembeni ulikuwa wazi.

Na hapo nikaelewa pia habari ya Morogoro Road. Sisi tunaogopa jua la saa sita, na kwa ngozi ni kweli lile ndo kali. Ila kwa jicho, jua likiwa utosini nyusi na paji la uso vinasaidia kulizuia, na kofia inasaidia. Jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi jioni linakuja usawa wa macho, hakuna kinachozuia, na kwa sababu halichomi sana ngozi mtu hata hajali. Mawingu nayo yanadanganya. Shirika la Afya Duniani linasema sehemu kubwa ya UV inapita kwenye mawingu mepesi, kwahiyo ile siku ya wingu jembamba ambayo unaacha miwani nyumbani kwa sababu hakuna jua, UV ipo barabarani kama kawaida.

Nilivyotoka pale sikuweza kukaa na hii habari peke yangu. Kijiweni kwetu tuko kama ishirini, karibu wote wanavaa miwani, na wote wamenunua palepale ninaponunua mimi. Ile mashine ya kliniki sina, ila jirani na kijiwe kuna dada ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, ana ile taa ya kuangalia noti feki. Ile taa ni UV. Ukiweka noti halali chini yake unaona alama zinawaka, ambazo kwa mwanga wa kawaida huzioni. Nikamuomba, dada nisaidie dakika kumi tu. Tukafanya hivi: noti chini, taa juu, alama zinawaka, kisha napitisha kioo cha miwani katikati ya taa na noti. Alama zikizimika kabisa, kioo kinazuia. Zikiendelea kuwaka hata kwa kufifia, kioo kinapitisha. Unaiangalia noti kwa pembeni, sio kupitia kioo, na ile taa yenyewe usiitazame moja kwa moja, hata sekunde chache, sio nzuri kwa macho.

Tukapima miwani tisa. Nne alama ziliendelea kuwaka. Na hapa kuna kitu kilichowanyamazisha wote, kuna dogo mmoja ana miwani ya elfu saba, ya kawaida kabisa, ikazima alama zote, na mwenzetu mwingine aliyenunua yake elfu sitini, ina jina kubwa la Ulaya limeandikwa kwa dhahabu kwenye mkono, alama zikawaka vizuri tu kama hakuna kitu. Alikaa kimya muda mrefu. Ile sio ya kampuni iliyoandikwa, ni kopi, na kopi imeigiza jina na umbo, kioo hawakukihangaikia. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba ya bei ndogo yote ni mbovu na ya bei kubwa yote ni nzima, plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti inazuia UV kwa asili yake yenyewe na sio ghali, unaweza ukabahatika ukaipata kwenye meza ya machinga. Shida ni kwamba kwa macho huwezi kujua umebahatika au hujabahatika. Niseme pia kwamba taa za noti hazifanani, kuna nyingine mwanga wake unakaribia kabisa ule wa kuonekana na zinaweza kukupa jibu la uongo, kwahiyo hiki ni kipimo cha kijiweni cha kuchuja zile mbovu waziwazi, cha uhakika ni kile kimashine cha duka la miwani, na maduka mengi ukiomba kistaarabu wanakupimia.

Sasa kununua. Nilienda duka la miwani nikiwa na elfu hamsini mfukoni na nilikaa mle karibu saa nzima, dada wa pale alikuwa na subira kweli. Kitu cha kwanza nilitafuta maandishi ndani ya mkono wa miwani. Inatakiwa uone UV400 au kinga ya UV asilimia 100, na nyingi zina herufi CE, ambayo ni alama ya viwango vya Ulaya, na namba kutoka 0 mpaka 4. Ile namba watu wengi hawaijui na ina maana kubwa. Inaeleza weusi wa kioo tu, haielezi UV. Namba 0 ni karibu cheupe, namba 2 kinapitisha kati ya asilimia 18 na 43 ya mwanga, namba 3 kinapitisha asilimia 8 mpaka 18, hiyo ndo ya jua letu la kila siku. Namba 4 kinapitisha asilimia 3 mpaka 8 tu, hicho ni cha kwenye theluji na milima mirefu, na hakiruhusiwi kuendeshea chombo cha moto. Narudia kwa wenzangu wa barabarani, namba 4 usiendeshe nayo, ukiingia kwenye kivuli cha daraja au chini ya miti huoni kitu. Na miwani ya jua ya namba yoyote giza likiingia vua, tembea na ya kioo cheupe kama unahitaji kuzuia vumbi, nimeona watu wanakimbia na nyeusi saa mbili usiku na nimeona walivyoanguka.

Ila stika yoyote anaweza kuichapa. Herufi CE na UV400 kwenye stika ya dhahabu inayobanduka kwa ukucha, hiyo nimeiona hata kwenye zile nne zilizofeli kijiweni. Kwahiyo soma, alafu pima.

Dada akanipa ya polaraizi nijaribu. Hii kitu ni nzuri sana na inachanganywa sana na UV. Mwanga ukigonga kitu bapa kama lami iliyolowa, maji, au boneti ya gari, unarudi ukiwa umelala upande mmoja, ndo ule mng'ao mweupe unaokufumba macho, na lenzi ya polaraizi imetengenezwa kuuzuia huo mng'ao. Nilitoka nayo nje nikaangalia vioo vya magari yaliyopaki, mng'ao umepotea, naona mpaka dereva aliyekaa ndani. Nikatamani kuichukua palepale. Ila nikarudi kwenye pikipiki nikaangalia simu yangu kwenye holda, nimeilaza kwa ule upande ninaosomea ramani, skrini nyeusi. Nikainamisha kichwa, ikarudi. Nikanyoosha, ikapotea. Kwa mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye ramani ya simu hiyo haifai, nikaiacha, ingawa kwa dereva wa lori au mvuvi ningesema achukue bila kufikiria mara mbili. Na kujua kama ni ya polaraizi kweli ni rahisi, chukua mbili, zipachike kioo juu ya kioo, zungusha moja mpaka isimame, zikiwa za kweli kote kunakuwa giza. Ila polaraizi peke yake haimaanishi UV imezuiwa, mara nyingi vinakuja pamoja, lakini angalia yote mawili.

Rangi, chagua unayopenda. Kijivu kinaacha rangi za vitu kama zilivyo, kahawia kinafanya vitu vionekane vimekatika vizuri, taa za barabarani nilijaribu kwa vyote nikaziona bila shida. Zile za bluu na zambarau sikuzipenda, zinabadilisha sana rangi.

Kilichonichukua muda ni umbo. Nilitafuta ile iliyokunja kufuata uso, mikono yake mipana, nikivaa nyusi zimefunikwa, pembeni hakuna upenyo wa kidole. Nikaivaa na helmeti juu, maana kuna fremu ukivaa na helmeti zinabana kwenye masikio baada ya nusu saa unazitupa. Alafu dada akanifundisha kitu kimoja kizuri, shika miwani mbali na uso, urefu wa mkono, angalia mstari ulionyooka kama fremu ya mlango au mstari wa vigae, isogeze taratibu juu na chini. Mstari ukibaki umenyooka lenzi ni nzuri. Ukicheza kama nyoka, lenzi imekaa vibaya, hiyo ndo inayokuletea kichwa kuuma jioni na wewe unasema ni jua. Yangu ya zamani mstari ulikuwa unacheza kweli. Nikalipa elfu arobaini na tano.

Kwa wanaoendesha gari, kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati na kinazuia karibu UV yote, ila vioo vya milangoni mara nyingi ni vya kawaida, UVB vinazuia lakini UVA inapita kwa kiasi chake. Angalia dereva wa daladala wa siku nyingi, mkono wa kulia, wa dirishani, umeungua kuliko wa kushoto. Jicho la kulia limekaa upande huo huo.

Mafundi wa welding nao nawaomba jambo moja. Pale karibu na kijiwe kuna vijana wanachomelea mageti na miwani ya jua usoni. Ule mwanga wa welding una UV ya karibu kabisa, kali kuliko jua, unaunguza ngozi ya jicho, na ubaya wake ni kwamba mchana husikii kitu, usiku saa sita unaamka macho kama yamejazwa mchanga, machozi yanatiririka. Kioo cha welding cha umeme ni namba 10 kwenda juu, na hizo namba ni tofauti kabisa na zile 0 mpaka 4 za miwani ya jua. Hakuna miwani ya jua duniani inayofaa hapo. Na kutazama jua lenyewe ni hivyo hivyo, wanaokumbuka tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kipete na watu wakajaa Rujewa kule Mbarali, ilihitaji miwani maalumu, na tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena, kwetu litaonekana limemegwa tu, usilitazame na miwani ya barabarani.

Niseme kuhusu watoto kwa sababu hili liko karibu na moyo wangu. Mtoto wa dada yangu ana ualbino, yuko darasa la tatu. Tanzania inakadiriwa mtu mmoja katika kila 1,400 ana ualbino, ni kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi duniani. Kwao ile rangi inayokinga ngozi ndo hiyo hiyo iliyotakiwa kuwa ndani ya jicho, ikikosekana mwanga unaingia kutoka kila upande, ndo maana unamuona mtoto anafinya macho, macho yanachezacheza, anainamisha kichwa. Kwenye mafuta ya ngozi kuna watu wamefanya kazi kubwa, pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili yao. Kwenye macho familia nyingi bado tunabahatisha. Sisi wenyewe Sikukuu ya Idi tulimnunulia ile miwani ya watoto ya plastiki, ya rangi rangi, anayopewa kila mtoto akienda kutembea, na akawa anaivaa mpaka shule kwa sababu ilimpunguzia mwanga. Nilipotoka kliniki kitu cha kwanza nilichompigia dada simu ni hicho. Nikamwambia dada ile miwani ichukue uitupe. Tukampeleka kupimwa, kumbe alikuwa anahitaji lenzi za kuonea pia, akatengenezewa zenye namba yake, zina UV400 na rangi, na kofia pana ya shule. Mwalimu wake wa kwanza alidhani ni urembo, ilibidi dada aende akamueleze. Na hata mtoto asiye na ualbino, lenzi ya ndani ya jicho lake bado ni safi sana, UV inapenya mpaka ndani kuliko kwa mtu mzima, kwahiyo zile za sikukuu acheze nazo jioni ndani ya nyumba.

Yale matone nilisema nitayarudia. Dokta aliniuliza nimekuwa naweka nini, nikamtajia, akaniambia moja kati ya hizo ina steroidi. Zile zinaondoa wekundu haraka kweli, siku mbili jicho jeupe, ila ukiziweka muda mrefu bila usimamizi zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Akanipima presha ya macho, nashukuru ilikuwa sawa. Sasa naweka ya kulainisha tu, aliyoniandikia yeye.

Baba yangu ndo aliyenifanya niandike yote haya. Yuko Bagamoyo, amefanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi tangu kijana. Mtu ambaye hajawahi kusimama pale saa saba mchana hawezi kuelewa, chini maji yanang'aa, pembeni chungu za chumvi nyeupe, mwanga unatoka juu na unatoka chini. Mchanga mkavu wa pwani unarudisha kama asilimia 15 ya UV, povu la bahari kama 25, theluji mpya kama ile wanayokutana nayo wapagazi kule juu Kilimanjaro inafika 80. Chumvi sijui inarudisha ngapi, najua macho ya baba. Ana kinyama macho yote mawili, cha kushoto kilifika kwenye mboni, akakatwa, wakamwekea kipande cha ngozi ya jicho lake mwenyewe ili kisirudi, maana kikikatwa tu bila hicho kipande mara nyingi kinarudi.

Miwani alikuwa hataki kabisa. Kwake miwani nyeusi ni ya mabishoo, na zaidi ya hapo ni utovu wa adabu, utamwamkiaje mtu umejificha macho? Na mimi namwelewa, nimelelewa hivyo hivyo, mpaka leo nikikutana na mtu mzima naivua kwanza ndo namwamkia. Nilimpelekea ya kufanana na yangu, imekunja, kahawia, namba 3, nimeipima mwenyewe kwenye kimashine kabla sijalipa. Nikamwambia baba hii ni kama buti unazovaa kuingia kwenye maji, ni ya kazi. Akaichukua akaiweka juu ya kabati. Wiki mbili.

Mwezi uliopita nimeenda kumsalimia, nikamfuata mpaka mabwawani. Nilimuona kwa mbali na kofia yake ya pama na miwani usoni, anakokota chumvi na reki. Akapita mzee mwenzake juu ya tuta, baba akasimama, akaivua, akaishika kifuani, wakasalimiana pale habari za nyumbani na za watoto na za bei ya chumvi, na yule mzee alipoondoka baba akafuta vioo kwa upindo wa shati, akairudisha usoni, akaendelea.